Deni la Mwaka 1978

Baba yangu mdogo alikuwa na deni la ngumi alilolibeba kwa miaka 17, na siku aliyotaka kulilipa mimi nilikuwa nimeshika ndoo ya maji kwenye kona yake. Ilikuwa Jumapili ya mwezi Februari 1995, katika ukumbi wa parokia moja ya Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo. Mvua ilipiga mabati kwa nguvu, hata mwamuzi akalazimika kuinua mkono kila raundi ilipoanza, kwa sababu kengele yetu, kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya, haikusikika vizuri.

Katika miaka ya 1970 baba mdogo alikuwa bingwa wa uzito wa kati mjini kwetu. Mwezi Mei 1978 alipaswa kukutana na bingwa wa Kolwezi, mtu ambaye habari za mkono wake wa kushoto zilikuwa zimefika Likasi na kupita, na pambano lingefanyika huko huko Kolwezi. Alikwisha kununua tiketi ya treni. Tarehe 13 Mei waasi waliotokea Angola wakauvamia mji ule, siku chache baadaye askari wa miavuli wa Ufaransa wakatua, watu wengi wakafa, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuulizia masumbwi. Pambano halikuahirishwa wala halikufutwa, lilinyamaziwa tu. Baba mdogo akaoa, akaingia kazini katika kiwanda cha kuyeyusha madini, akatundika glavu zake kwenye msumari juu ya redio, na sisi watoto wa nyumba ile, mimi nikiwa mmoja wao kwa kuwa nililelewa kwake, tulikua tukiziona zikipauka.

Bondia aliyepigwa katika pambano lake la mwisho anajua mahali alipoishia. Baba mdogo hakujua, na mara kadhaa nilimkuta usiku uani akirusha mkono wa kulia gizani, polepole, akiurudisha kidevuni, akiurusha tena.

Asubuhi ya Jumapili tarehe 6 Novemba 1994, tulipokuwa tukijiandaa kwenda misa, redio ilitangaza kwa Kifaransa kwamba usiku ule huko Las Vegas George Foreman, mwenye umri wa miaka 45, alikuwa amemwangusha Michael Moorer katika raundi ya 10 na kuwa tena bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Baba mdogo aliketi akiwa na kiatu kimoja mguuni, na hatukwenda misa.

Asiyekuwa wa nchi hii huenda asielewe Foreman alikuwa nani kwetu. Tarehe 30 Oktoba 1974, saa kumi alfajiri za Kinshasa, ambazo kwetu ni saa kumi na moja, alipanda ulingoni na Muhammad Ali katika uwanja wa 20 Mei, akapigwa na kutolewa katika raundi ya 8. Alikuwa amekuja nchini na mbwa mkubwa wa Kijerumani, wa aina ile ile ambayo polisi wa wakoloni waliitumia kuwatishia wazee wetu, na nchi nzima ikawa upande wa mwenzake: "Ali, boma ye!", yaani "Ali, mwue!" Baba mdogo, aliyekuwa na miaka 23, alikuwa miongoni mwa wachache waliomhurumia. Tangu hapo alimfuatilia kama ndugu aliye mbali. Alijua kwamba aliacha ngumi mwaka 1977 baada ya kushindwa na Jimmy Young, akawa mhubiri, akakaa miaka kumi bila kupigana, akarudi mwaka 1987 akiwa mnene na watu wakimcheka, na kwamba mwaka 1991 alishindwa na Evander Holyfield kwa pointi, lakini akamaliza raundi zote 12 akiwa wima. Wiki chache baada ya habari ile ya redio, gazeti la michezo la Ufaransa lililokuwa limepita mikononi mwa watu wengi lilitufikia, kurasa zikiwa zimelegea. Humo tulisoma kwamba Moorer alikuwa na miaka 26 na hajawahi kushindwa, kwamba waamuzi wote watatu walikuwa wamempa uongozi mpaka ngumi ile ya mkono wa kulia, na kwamba Foreman alikuwa amevaa kaptura ile ile nyekundu aliyoivaa Kinshasa. Baba mdogo alisoma sentensi hiyo ya kaptura mara mbili kwa sauti. Kisha akaziteremsha glavu zake kutoka msumarini na kuanza kuzipaka mawese.

Yule mtu wa Kolwezi alikuja mwenyewe. Alikuwa amehamia Lubumbashi na kuuza makala, yaani makaa, katika komuni ya mji wetu iitwayo Kenya, nasi hatukujua. Alisimama mlangoni mpaka alipoletewa kiti, akawasalimu watu wote wa nyumba, ndipo akasema: "Mzee mwenzangu, yule amerudi na miaka 45. Sisi hatujaifikia. Bado tunadaiana." Baba mdogo akamjibu, "Kula kwanza." Wakala bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo katika sahani moja, na kabla ya kunawa walikuwa wamekubaliana: raundi tatu za dakika mbili mbili, watakaoingia watatoa walicho nacho, na fedha zote zitanunuliwa unga utakaogawanywa nusu kwa nusu.

Wapo wanaosema kwamba mabingwa wazee hurudi kwa njaa. Njaa ipo: Joe Louis alirudi mwaka 1950 kwa sababu ya kodi aliyodaiwa, na mwaka uliofuata Rocky Marciano akampiga mpaka akatoka nje ya kamba. Baba mdogo naye alikuwa hajalipwa mshahara kwa miezi mingi, na unga ule tuliuhitaji sana. Lakini nilimwona akijiandaa kwa miezi miwili na zaidi, na hakuna anayejiandaa namna ile kwa ajili ya nusu gunia.

Kila alfajiri alikimbia katika barabara inayopita chini ya lile bomba refu la moshi la kiwanda na mlima mweusi wa mabaki ya madini, mimi nikimfuata nyuma. Pumzi ilirudi baada ya wiki tano. Mikono ilirudi hata kabla ya pumzi, nayo ilikuwa na uzito ambao, kwa maneno yake, haikuwa nao ujanani. Miguu haikurudi. Hilo ndilo jambo ambalo wasiowahi kusimama karibu na ulingo hawalioni: mzee hapotezi ngumi yake, anapoteza ile nusu hatua ya kumpeleka mahali pa kuipigia na kumtoa hapo kabla hajajibiwa. Yeye alilijua vizuri, ndiyo maana alimwiga Foreman, aliyerudi bila kurukaruka, akisogea kidogo kidogo, na ambaye kati ya raundi na raundi alisimama badala ya kuketi. Aliniambia nisilete kiti kwenye kona.

Mama mdogo hakupenda jambo lile hata kidogo. "Ukivunjwa taya," alimwuliza, "bukari utaitafuna na nini?" Alimkumbusha Sumbu Kalambay, mtoto wa Lubumbashi hii hii, aliyeshinda ubingwa wa dunia wa WBA, chama cha ngumi cha dunia, mwaka 1987 huko Italia, akaacha mwaka 1993 akiwa na miaka 37, na hakurudi. Alimkumbusha pia habari za Ali, ambazo mumewe mwenyewe ndiye aliyemsimulia kwa machozi: jinsi alivyorudi mwaka 1980 akiwa na miaka 38 kupigana na Larry Holmes, akapigwa raundi kumi karibu bila kujibu, mpaka mkufunzi wake, Angelo Dundee, alipokataa kumruhusu aendelee. Dundee huyo huyo alikuwa kwenye kona ya Foreman usiku wa Moorer. Asubuhi ya Jumapili yetu mama mdogo alinikabidhi taulo jeupe, akanishika mkono. "Ukiona macho yake hayakuoni, lirushe. Usimngoje akuruhusu." Tulipofika ukumbini, baba mdogo aliliona, akasema, "Hilo ni la jasho tu." Nilikuwa na miaka 16, na amri mbili mabegani.

Raundi ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko nilivyothubutu kutarajia. Ngumi za moja kwa moja za mkono wa kushoto zilikwenda na kurudi, vichwa vikiinama kwa wakati wake, na wazee waliojaa kwenye mabenchi walikuwa wakipaza sauti kwa majina ya utani ambayo sisi vijana hatukuwahi kuyasikia. Katika ya pili nikaanza kuona kuchelewa. Jicho la baba mdogo liliiona kila ngumi, nami nililiona likiiona, lakini mwili ulifika baadaye.

Katikati ya raundi ya tatu alirusha mkono wa kulia, ule ule wa gizani uani. Ulikosa. Uzito wake ukamvuta mbele, mguu wa nyuma ukabaki, mkono wa kushoto ukashuka, na kidevu kikawa wazi kabisa mbele ya ule mkono wa kushoto wa Kolwezi, ambao tayari ulikuwa umevutwa nyuma. Nililiinua taulo mpaka begani. Mkono ule haukuja. Yule mtu aliweka glavu yake juu ya bega la baba mdogo, akamsukuma taratibu mpaka akasimama sawasawa, akarudi nyuma hatua moja, akaendelea kupigana. Jambo lenyewe lilichukua muda wa kupepesa jicho. Sidhani kama watu kumi ukumbini waliliona. Reli ilipogongwa, mwamuzi aliinua mikono ya wote wawili, na makofi yakashinda mvua.

Novemba 2024, nilipomtazama Mike Tyson wa miaka 58 akipigana na Jake Paul wa miaka 27 huko Texas, nilitazama miguu peke yake, na baada ya raundi ya pili sikuhitaji kuambiwa mwisho wake. Sekunde za mwisho kabisa kijana yule alimwinamia mzee kwa heshima. Waliokaa nami walifurahi. Mimi nilikuwa nikiutafuta uso wa Tyson.

Unga uligawanywa pale pale mlangoni, kwa bakuli. Yule mtu wa Kolwezi alikuja kuaga, na baba mdogo akampa mkono huku macho yake yakiwa chini. Njiani hakusema neno. Nyumbani niliweka maji ya vuguvugu na chumvi katika beseni, akatumbukiza mikono iliyokuwa imevimba vifundo, nami nikaketi karibu naye.

"Uliiona ile nafasi?"

"Niliiona, Papa."

"Taulo ulikuwa umeliinua?"

"Ndiyo, Papa."

Aligeuza mikono ndani ya maji, viganja juu, kisha chini. "Wewe ungenitoa kwa haki," alisema. "Yeye alinihurumia."

Nilizichukua glavu ili nizirudishe kwenye msumari. Akanizuia. Zilikuwa zimelowa jasho na mvua, na ngozi ikikauka vibaya hupasuka. "Zianike vizuri," akasema. "Bado tunadaiana."