Santa Cruz, alikopotezea Nelson mkono wake

Tramu ya kutoka La Laguna huteremka mlima mpaka Santa Cruz de Tenerife, mji wa visiwa vya Kanari vya Hispania, na bahari inakufungukia mbele. Nilishuka karibu na bandari, nikaenda moja kwa moja Plaza de España. Juu kuna bwawa pana la maji; chini, ukifuata ngazi, zimo kuta zilizobaki za ngome ya San Cristóbal, na humo umelazwa El Tigre, mzinga wa shaba uliosubuliwa Sevilla mwaka 1768. Wenyeji watakuambia ndio uliomvunja mkono Horatio Nelson, admirali wa Kiingereza. Wengine husema ilikuwa risasi ya bunduki, lakini mbele ya mzinga wenyewe nani ataanza ubishi huo?

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Julai 1797 Waingereza walikuja kwa mashua kuuteka mji. Nelson alipigwa akishuka ufukweni, upanga mkononi, juu kidogo ya kiwiko cha kulia. Josiah Nisbet, mtoto wake wa kambo, alimfunga kwa kitambaa damu isimmalize. Walipofika kwenye manowari Theseus, Nelson alikataa kubebwa. Alipanda ubavuni mwa meli mwenyewe, kamba kaishika kwa kushoto. Mkono ukakatwa. Ubaridi wa kisu ulimkera hata baadaye akaagiza visu vya matabibu vipashwe moto kwanza.

Mimi ni mashoto wa kuzaliwa, nimekulia Tanga, ambako ukimpa mkubwa kitu kwa kushoto unarudishwa uanze upya. Basi kilichonivuta zaidi ni barua. Tarehe 27 Julai, kwa mkono asiouzoea, alimwandikia mkuu wake John Jervis kwamba admirali wa mkono wa kushoto hatahesabiwa tena kuwa wa kufaa, akaomba radhi kwa mwandiko mbaya. Akamwandikia pia Jenerali Antonio Gutiérrez, aliyemshinda, kumshukuru kwa wema aliowatendea majeruhi na mateka, na kumtunukia pipa la bia na jibini. Maadui hao!

Hofu yake haikutimia. Vita vya baharini vya Abukir mwaka 1798, Copenhagen 1801, Trafalgar 1805: vyote alivipigana akiwa na mkono mmoja. Sisemi ushoto ulimwongezea akili. Ila miezi mitano tu kabla ya Tenerife, penye vita vya Cape St Vincent, alikuwa bado mtu wa kurukia meli za adui mwenyewe na upanga wake. Baada ya hapa kazi hiyo aliwaachia wengine, naye akawa mtu wa kuwakusanya manahodha mezani na kuwaeleza mpango mpaka kila mmoja aweze kuamua peke yake kwenye moshi. Trafalgar hata upanga aliusahau chumbani.

Jioni nilitafuta mtaa uliopewa jina lake, maana mji uliomshinda umempa mtaa. Ni wa kawaida tu, magari yameegeshwa pande zote.