Nilivyoiacha Java inikatalie kabla mwenye duka hajanipigia simu

Programu ninayoitunza, iliyoandikwa kwa lugha ya Java, hupokea malipo ya duka la vifaa vya ujenzi, na kila malipo ni obyekti (kifurushi cha data) inayotokana na klasi (kiolezo) ya Malipo: ipo MalipoTaslimu, ipo MalipoYaSimu, na ipo MalipoYaMkopo, ambayo niliirithisha kutoka MalipoYaSimu, yaani ni mtoto wake na huhesabika nayo kuwa ya simu, kwa sababu mkopo wenyewe nao hupitia kwenye simu. Kwa muda mrefu nilikagua aina kwa mtindo wa zamani, yaani nauliza kwa instanceof kama obyekti ni ya aina fulani, kisha mstari unaofuata naigeuza obyekti iwe aina ileile niliyokwisha kuiuliza. Siku moja nilinakili mistari hiyo, nikabadilisha swali nikasahau mgeuzo, na programu ikaanguka kwa ClassCastException, kosa la kugeuza obyekti iwe aina isiyo yake, huku mafundi wamepanga foleni wakisubiri risiti za saruji.

Rafiki yangu mmoja, ambaye hajawahi kuishiwa ushauri, aliniambia niweke katika kila klasi neno linalotaja aina yake, kisha nilinganishe maneno. Nilimtii. Nikaandika "simu" mahali pamoja na "Simu" mahali pengine, na jioni yangu ikaishia hapo.

Tangu Java 16 ya Machi 2021, swali na mgeuzo huandikwa pamoja: if (malipo instanceof MalipoYaSimu s), na s iko tayari kutumika. Kilichonifurahisha zaidi ni kukanusha. Niliandika if (!(malipo instanceof MalipoYaSimu s)) return, nikidhani s itafia palepale, kumbe huendelea kuishi katika mistari yote ya chini, maana kompaila, programu inayokagua na kutafsiri msimbo, inajua kwamba lililofika huko haliwezi kuwa jingine ila la simu. Sharti la ziada liunganishe kwa && (na); ukitumia || (au) kisha ukaitaja s, utakataliwa, na ni haki yako.

Hapo nikavimba kichwa. Nilipanga ngazi ndefu ya if na else, MalipoYaSimu juu, MalipoYaMkopo chini yake, na kila kitu kikaenda bila kosa hata moja. Baada ya siku chache mwenye duka akanionyesha daftari lake la mkono: riba ya mikopo haikukatwa hata shilingi. Nilishuku mtandao, nikashuku hifadhidata, nikatawanya println, amri ya kuchapisha kwenye kioo, kila kona kama mtu anayetega panya, hadi usiku wa pili nilipochapisha s.getClass(), yaani aina halisi ya s, ndani ya tawi la simu na kioo kikaniandikia MalipoYaMkopo. Mtoto alikuwa anaingia kwa mlango wa mzazi wake, na mimi ndiye niliyeuweka mlango huo mbele.

Nilipakua Java 21, ya Septemba 2023, kwa bando la elfu chache, nikaihamishia ngazi yangu kwenye switch, muundo unaochagua tawi kulingana na aina, kwa mpangilio uleule mbovu, makusudi, nione. Kompaila ilikataa papo hapo, ikisema tawi la mkopo limekwisha kumezwa na lililolitangulia. Nilicheka peke yangu. Angalizo moja: instanceof ikikutana na null (pasipo na obyekti yoyote) hujibu si kweli na kupita kimya, lakini switch hurusha kosa la NullPointerException usipoandika case null.

Rafiki yangu akarudi: "Usisahau default, ndugu yangu, ni usalama." Alimaanisha tawi la kupokea chochote kisichotajwa. Safari hii sikumsikiliza. Malipo nimeifanya sealed, yaani nimetaja watoto wake wanaoruhusiwa, jambo linalowezekana tangu Java 17, na katika switch zangu hakuna default, kwa kuwa ukiiweka, aina mpya itaangukia humo kimyakimya na kompaila haitakuwa na la kukuambia. Mwezi uliopita duka lilianza kupokea hundi. Niliongeza klasi yake, nikajaribu kukompaili, na nikaonyeshwa sehemu tatu zisizojua hundi ni nini. Mbili nilizitarajia. Ya tatu ilikuwa ripoti ya kufunga mwezi, ambayo nilikwisha kuisahau kabisa.