Kaa wa Saadani

Tangu turudi Moshi, kuanzia nyumbani mpaka sokoni Mbuyuni swali ni lile lile: mliona simba? Hatukumwona. Saadani simba wapo, na tembo pia. Ndiyo hifadhi ya taifa pekee nchini iliyopakana na Bahari ya Hindi, na wengi huifuata kwa tamaa ya kumpiga picha tembo akiwa na maji ya chumvi nyuma yake. Mimi nina habari za kaa.

Safari yenyewe ni ndefu, Same, Korogwe, Segera, vumbi, basi. Tulipiga hema karibu na maji. Jua lilipozama kaa wakaanza kutoka mashimoni, rangi yao ile ile ya mchanga, macho yamesimama juu ya kichwa. Ukipiga hatua wanatimka upande upande. Ukisimama, nao wanasimama, wanakutazama. Usiku wakawa wanakwaruza turubai. Shemeji, mzaliwa wa Kibosho asiyezoea kulala bila blanketi, akaniamsha: "Shemeji, chui!" Nikamulika. Kaa wawili wanagombea ganda la ndizi.

Asubuhi askari wa hifadhi alitupeleka Madete, akawa anatusomea mchanga. Hapa kapita nguchiro. Huyu fisi, ona unyayo wa mbele ulivyo mkubwa kuliko wa nyuma. Mbele kidogo tukakuta mburuzo mpana kama wa tairi la trekta, umetoka majini ukapanda hadi kwenye majani, kisha ukarudi. Kasa alikuja kutaga, akaenda zake.

Kiota kimoja huweza kuwa na mayai zaidi ya 100, na hukaa mchangani kama miezi miwili. Joto la mchanga ndilo linaloamua: ukiwa na joto zaidi, wengi huwa majike. Vitoto hutoka usiku na kufuata weupe wa bahari, na taa ya mtu huwapoteza njia. Kumbe ndiyo sababu jioni ile askari alikuwa mkali kuhusu tochi.

"Wanaofika ukubwani ni wengi?" nikamuuliza.

"Wachache sana, dada." Akaelekeza fimbo kwenye mashimo ya kaa. "Hawa hapa wanawangoja."

Shemeji anataka turudi Pasaka. Nimemkatalia. Pasaka ni masika, na udongo mweusi wa kule ukilowa, gari halitoki.