Mtambaazi Unaolea Ua Kubwa Kuliko Yote Duniani

Nimekulia Dodoma, nyumbani kwetu kukiwa na shamba la mizabibu, na huenda ndiyo sababu nilipofika Poring, chini ya Mlima Kinabalu katika jimbo la Sabah nchini Malaysia, kitu cha kwanza kuyavuta macho yangu hakikuwa ua nililolipia kiingilio ili nilione. Nilivutwa na vikono. Vilikuwa vimejisokota kwenye kijiti kando ya njia, kila kimoja kimechomoza mkabala na jani, sawasawa na vile ambavyo baba alinionyesha nikiwa mtoto tulipokuwa tukipogoa mizabibu yetu.

Sikukosea. Mmea ule ni Tetrastigma, jamaa wa mzabibu kabisa, wa familia moja nao. Jina lake limetokana na Kigiriki na lina maana ya stigma nne, kwa kuwa stigma ya ua lake, yaani sehemu inayopokea chavua, imegawanyika mara nne. Ukiwa mchanga ni kamba nyembamba tu inayotafuta mwanga, lakini ukipata mti wa kuushikilia hupanda mpaka kwenye vilele vya msitu, na shina lake hugeuka kuwa gumu kama mti, jingine nene, jingine bapa mithili ya ubao. Majani yake yote huwa huko juu juani, kwa hiyo anayepita chini haoni ila shina la kahawia lisilo na jani hata moja, limelala juu ya takataka za msituni kama kamba iliyosahauliwa.

Ndani ya shina hilo na mizizi yake huishi Rafflesia, kimelea kisicho na majani, wala shina, wala mizizi, wala klorofili. Kwa muda mrefu wa maisha yake huwa ni nyuzi tu zilizopenya katika nyama ya mtambaazi, zikifyonza maji na sukari yake. Kisha siku moja gome huvimba, tumba hupasua na kutokeza, hukua polepole kwa miezi mingi hadi kufikia ukubwa wa kabichi, na hatimaye hufunguka kuwa ua jekundu lenye harufu ya mzoga inayowaita nzi. Baada ya siku tano hadi saba ua limekuwa jeusi na limeoza. Rafflesia arnoldii, ya Sumatra na Borneo, hufikia takribani mita moja kwa upana, na hakuna ua moja linaloizidi duniani. Yote hayo yamelishwa na mtambaazi, na bado katika maelezo mengi niliyosoma mtambaazi hutajwa kwa nusu sentensi. Jambo hilo linaniuma.

Limeanza zamani. Mwaka 1818, karibu na Bengkulu huko Sumatra, daktari Joseph Arnold aliitwa na mtumishi wa Kimalay aliyekuwa ameliona ua hilo, akaandika barua ndefu ya mshangao. Humo alieleza kwamba ua lilitoka kwenye mzizi mwembamba uliotambaa ardhini, unene wake kama vidole viwili. Ua likapewa jina la Stamford Raffles, gavana Mwingereza wa Bengkulu wakati huo, na la Arnold. Mtumishi hakutajwa jina, na mzizi ule ulipitwa vivyo hivyo.

Ukaribu wa viumbe hawa wawili ni mkubwa kuliko nilivyodhani. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba Rafflesia imebeba makumi ya jeni zilizotoka kwa Tetrastigma, si kwa kurithi, bali kwa kuvuka kutoka mwili mmoja kwenda mwingine. Ndiyo maana kuikuza bustanini ni kazi ngumu mno: huwezi kutia mbegu kwenye chungu ukasubiri. Katika bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java, Rafflesia patma ilichanua mwaka 2010 baada ya wataalamu kuunganisha vipande vya mtambaazi uliokwisha kuingiwa na kimelea. Walichokipanda hasa ni mtambaazi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulipima spishi 42 za Rafflesia na kuona kwamba zote zimo hatarini. Ua dume na ua jike huwa mbalimbali, na lazima yafunguke karibu na kwa wakati mmoja ndipo nzi wahamishe chavua. Msitu ukifyekwa kwa ajili ya kahawa au michikichi, au mtu akikata kamba moja tu inayomzuia njia, matumba yote yaliyokuwa juu yake hufa pamoja nayo.

Mwenye shamba aliyenipeleka alilijua hilo vyema. Tulipokwisha kulitazama ua, lenye upana wa karibu sentimita 80, aliinama akafukua majani makavu kwa vidole na kunionyesha tumba tatu, kubwa kuliko zote ikiwa kama ngumi. Akazifunika tena. Kisha akanielekeza kwa ncha ya panga mahali shina lilipopita chini ya njia, na akasubiri mpaka nilipoliruka.