Nilikuja Kutafuta Ada ya Chuo

Mwaka 1998 nilivuka na kivuko cha Kamanga kutoka Sengerema nikiwa na nia moja tu: kupata ada ya chuo cha ualimu. Dada yangu alikuwa amepanga Igogo, hapa Mwanza, akaniambia viwanda vya samaki vinachukua vibarua na malipo ni ya siku. Nikapiga hesabu, nikaona miezi michache inatosha. Mpaka leo nipo kiwanda kilekile, na darasani sijasimama hata siku moja.

Nilianzia mezani, kwenye minofu. Sangara anafika na barafu kutoka visiwani, anapimwa, aliye chini ya sentimita 50 hatakiwi. Kisha kisu: mnofu huku, mnofu kule, ngozi inachunwa, bondo, kile kibofu cha hewa cha tumboni, linawekwa pembeni, panki, yaani mifupa na kichwa vinavyobaki, linakwenda kwa kina mama wanaokaanga. Siku hizo bondo halikutushughulisha sana. Sasa hivi linafungiwa kwa kufuli, maana Wachina wanalilipia kuliko mnofu wenyewe. Gambuti hazikuwa saizi yangu, nikawa navaa soksi mbilimbili, na baridi bado inapanda mpaka kwenye magoti. Mtu asikudanganye kwamba inazoeleka.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ukasimamisha kununua samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya habari za wavuvi wanaotumia sumu. Mji ulipoa. Mwaloni Kirumba sangara alishuka bei mpaka majirani wakamchoka, na sisi vibarua tukaambiwa tusubiri kuitwa. Nilikuwa nimeshafunga begi. Msimamizi akatuma mtu aniite, si kwa sababu ya kisu changu (kulikuwa na wanawake wenye kasi kuliko mimi mara mbili), bali kwa sababu ya mwandiko. Wazungu walitaka karatasi: samaki katoka mwalo gani, kafika na jotoridi gani, nani kampokea. Nilikuwa nimejifunza kuandika herufi za ubaoni, zile za mviringo, nikijiandaa kuwa mwalimu. Zikanipeleka idara ya ubora, na huko nikapata mkataba.

Kwa hiyo nikisikia watu wanaeleza walivyopanga maisha yao ya kazi, huwa nanyamaza. Yangu ilipangwa na ofisi fulani Brussels ambayo haikujua kama nipo.

Nilitaka kuondoka, tena si mara moja. Nafasi ya chuo ilipopatikana, mama akaugua. Nilipotaka kufungua duka Nyakato, watoto walikuwa wanaingia sekondari. Mwaka 2020 corona ilipositisha safari za ndege tukapelekwa likizo, nikafuga kuku, wakafa kwa kideri. Mambo ya kawaida, hayana hadithi ndefu.

Lakini kuna kitu nimepata humo ndani ambacho sikukitafuta. Nikifunua matamvua ya sangara naona kalala kwenye mtumbwi usiku kucha au kaja na barafu ya kutosha. Nikibonyeza nyama kwa kidole gumba, isiporudi, sihitaji kipimo. Wakaguzi vijana wanakuja na vifaa vyao, wanapima, wanapiga picha, kisha mmoja ananong'ona, "Mama, wewe unaonaje huyu?" Hiyo inanifurahisha kuliko kile cheti cha utumishi wa muda mrefu nilichopewa pamoja na blanketi. Siku ile ya cheti, ofisa utumishi alinitaka niwaambie wenzangu siri ya uvumilivu. Nikasema ahsanteni, nikakaa. Uvumilivu gani? Mshahara ulikuwa unaingia na kwangu panatembeka kwa miguu.

Samaki wamepungua, hilo halifichiki. Zipo zamu tunafika, tunavaa koti jeupe na kofia, mtumbwi hauji, tunaambiwa turudi nyumbani. Vijana wanapewa mikataba ya miezi mitatu mitatu, na mimi sioni mtu atakayekaa mpaka apewe blanketi.

Mwezi uliopita idara imeletewa binti kutoka Magu, mkono wake mwepesi. Juzi kaniuliza, "Shangazi, unanishauri nibaki?" Nikamuuliza mkataba wake unaisha lini, na kama michango yake ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, inaonekana. Hajawahi kuangalia. Jumatatu tuna zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi tutapitia ofisi za NSSF kwanza, aende na kitambulisho chake.