Kumbukumbu ya mradi: kulilinda paa la turubai la Mazda Roadster jijini Dar es Salaam

Gari ninalolitunza ni Mazda Roadster ya kizazi cha kwanza, ile iliyotoka mwaka 1989, ikauzwa Japani kwa jina la Eunos na katika masoko mengi ya nje kwa jina la MX-5. Paa lake ni turubai la vinaili, yaani plastiki laini inayofanana na ngozi, hukunjwa kwa mkono, na dirisha lake la nyuma ni la plastiki laini iliyoshikiliwa kwa zipu. Paa jipya linaweza kuagizwa, lakini ukijumlisha bei, usafiri, ushuru na kazi ya fundi viti atakayelivalisha kwenye fremu, gharama inakuwa kubwa. Lengo la mradi huu ni kulitunza paa lililopo ili lidumu miaka mingi zaidi.

Januari: ukaguzi

Watu wengi hulilaumu jua peke yake, na kweli jua la msimu wa kaskazi hukausha vinaili na kuifanya iwe ngumu. Hata hivyo, nilipolikagua paa hili sehemu kwa sehemu niliona kwamba eneo la katikati, ambalo hupigwa na jua kutwa nzima, lilikuwa limepauka tu, ilhali sehemu zilizolika kabisa zilikuwa juu ya viungo vya fremu, kwenye pembe za nyuma ya milango, na kwenye mistari ambapo turubai hukunjwa. Kwa maoni yangu, paa la namna hii huuawa zaidi na msuguano: vumbi laini huingia kwenye mkunjo, chuma hulibana turubai, na kila paa linapofunguliwa na kufungwa, vumbi lile husaga. Jua huja kumalizia kazi hiyo, kwa sababu vinaili iliyokauka hupasuka palepale ilipokwisha kukwaruzwa.

Ndani ya paa, karibu na milango, kuna kamba za mpira unaovutika ambazo kazi yake ni kulivuta turubai ndani lisinaswe na vyuma wakati wa kukunja. Za gari hili zilikuwa zimelegea kabisa. Nimeweka mpya, zilizokatwa kutoka mpira mpana wa kushonea nguo, na sasa turubai hukunjika lenyewe bila kubanwa. Nilizipaka bawaba grisi kidogo sana, kisha nikafuta iliyozidi, maana grisi inayomwagikia turubai hukusanya mchanga.

Februari: usafi na kinga

Ninaliosha paa kivulini, likiwa limepoa, kwa maji mengi kwanza ili vumbi liondoke kabla ya brashi kugusa chochote. Baada ya hapo natumia brashi laini na sabuni isiyo kali, kisha nasuuza hadi povu liishe kwenye mishono. Mashine ya presha siikubali hata kidogo, kwa sababu maji yake hupenya kwenye mishono na kuinua kingo zilizogundishwa. Vilevile nakataa yale mafuta ya kung'arisha matairi ambayo vijana wengi wa kuosha magari hupenda kuyapaka kila mahali. Huacha utando wa kunata unaoshika vumbi, na vumbi ndilo adui niliyemtaja. Paa likikauka, napaka dawa ya kukinga vinaili iliyotengenezwa kwa maji, yenye uwezo wa kuzuia miale ya jua, isiyo na mafuta ya petroli. Mwenye paa la kitambaa asitumie dawa hiyo: kitambaa kinahitaji dawa ya kuzuia maji yasipenye ndani.

Mipira ya kingo za madirisha imepakwa grisi ya silikoni. Mpira mkavu hung'ang'ania kioo, na hatimaye huchanika.

Machi: njia za maji, kabla ya masika

Hii ndiyo kazi ambayo wamiliki wengi huisahau. Maji yanayoteremka nyuma ya paa hupokelewa na mfereji wa mpira uliofichwa nyuma ya viti, yakashuka kwenye matundu mawili, kushoto na kulia, na kutokea chini ya gari mbele ya magurudumu ya nyuma. Majani yakiziba matundu hayo, maji hufurika ndani, hulowesha zulia, huleta ukungu kwenye turubai na kutu kwenye vizingiti vya milango. Nilimimina maji polepole upande mmoja baada ya mwingine huku nikiangalia chini. Upande wa kushoto yalitoka kwa shida, nikauzibua kwa waya wa plastiki wa mashine ya kukatia majani, ambao unapinda bila kuutoboa wala kuuchomoa mrija.

Wakati wote wa masika sheria yangu ni moja: paa lililolowa halikunjwi. Hubaki limefungwa hadi likauke kabisa, hata kama jua limeshatoka na barabara inavutia.

Julai: dirisha na maegesho

Kabla ya kulishusha paa nafungua zipu na kulilaza dirisha lote juu ya taulo safi, kwa sababu plastiki ikikunjwa pamoja na turubai hupata mstari mweupe ambao baadaye huwa ufa. Sifuti dirisha hili likiwa na vumbi kavu. Gari la kizazi cha pili, lililotoka mwaka 1998, lina dirisha la kioo lisilohitaji tahadhari hii.

Kuhusu kivuli, nimeuhama mwembe. Utomvu wake na kinyesi cha kunguru huila vinaili haraka kuliko jua la saa chache, hivyo gari sasa hukaa chini ya banda la mabati lililo wazi pande zote, hewa ikipita. Kava la plastiki sitaki, kwa kuwa hufungia unyevu, na upepo wa kusi huliburuta juu ya paa.

Kazi inayofuata ni mshono wa zipu upande wa kulia, ambao nyuzi zake zimeanza kukatika. Fundi viti amependekeza uzi wa poliesta unaostahimili jua, upitishwe kwenye matundu yaleyale ya zamani, kwa sababu kila tundu jipya kwenye vinaili litavuja. Nataka ukamilike kabla ya mvua za vuli.