Mani planti iliyogoma kutoa mizizi: nilivyotatua

Hatimaye mani planti yangu, ule mmea wa mapambo unaotambaa, imeota! Miezi miwili hapa Dodoma kila kipande nilichoweka kwenye maji kilioza chini. Nilibadilisha maji kila siku, wapi. Nikasogeza chupa dirishani, jua likababua majani.

Kumbe nilikuwa nakata vipande visivyo na kifundo. Mizizi hutoka kwenye kifundo, pale jani linaposhikana na shina. Tazama kwa karibu, utaona kinundu cha kahawia, kidogo kama punje ya mtama. Safari hii nilikata chini kidogo ya kifundo, nikaondoa jani la hapo, nikazamisha kifundo chenyewe, majani mengine yakabaki juu ya maji. Chupa nikaiweka kwenye mwanga, mbali na jua kali. Siku ya 12 kinundu kikapasuka, mzizi mweupe ukachungulia. Ukifika sentimita 5 nahamishia kwenye udongo.